Nyumba na Ulemavu Zanzibar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila siku: barazani baada ya sala ya Alasiri, kwenye foleni ya mazoezi ya viungo hospitali, na kwa simu za usiku kutoka Pemba. Nilianza kuisoma sheria kwa ajili ya mama yangu mdogo. Alipooza akiwa anakaa ghorofa ya tatu, akaishi huko miaka tisa, na mara alizoteremka chini katika miaka hiyo naweza kuzihesabu kwa vidole. Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo hadi yale yenye mafundo.

## Misingi

Nyumba "inayofikika" maana yake nini hasa?

Ni nyumba ambayo mwenyewe anaingia, anazunguka na anajihudumia bila ya kubebwa. Mimi hupima kwa mambo manne: kutoka njiani hadi mlangoni, mlango wenyewe, choo, na maji. Nyumba ikifaulu matatu ikafeli choo, basi imefeli, kwa sababu mtu hawezi kukaa siku nzima akimsubiri shemeji arudi sokoni ndipo apelekwe chooni.

Watu wengi wakisikia neno hili huona kiti cha magurudumu tu. Asiyeona anahitaji njia isiyo na mtaro ulio wazi na ngazi zenye kingo zinazopapasika. Kiziwi anahitaji mwanga. Sisi hapa tunapiga hodi kwa sauti, na hodi haimfikii asiyesikia. Taa ndogo ya ukumbini inayowaka mtu akibonyeza kengele nje ni kazi ya siku moja ya fundi umeme, na inamtoa mtu kwenye kuishi mlango wazi mchana kutwa kwa kuogopa kukosa wageni.

Suala si ngazi tu? Bei inaingiaje?

Inaingia sana. Ulemavu wenyewe una gharama: teksi pale ambapo mwingine angepanda daladala, mipira ya mkojo, pampasi za watu wazima, posho ya msaidizi. Kipato nacho mara nyingi ni kidogo zaidi, kwa sababu ajira hazipatikani kirahisi. Kwa hivyo nyumba nzuri yenye lifti ambayo kodi yake haimudiki, kwa mtu huyu imefungwa kama ile ya ngazi hamsini. Sheria ikitengeneza mlango ikaacha bei, imefanya nusu ya kazi.

Nani anahesabika kuwa mtu mwenye ulemavu?

Ulemavu wa viungo, wa kuona, wa kusikia, wa akili, wa afya ya akili, ualbino, uziwi na kutoona kwa pamoja, na wengine, wakiwemo watoto wenye vichwa vikubwa na migongo wazi. Fahamu ya sasa inatazama pande mbili: hali ya mwili au akili, na vikwazo ambavyo mazingira yanamwekea mtu. Mguu haukubadilika kati ya nyumba ya chini na ghorofa ya nne. Kilichobadilika ni nyumba.

Kwani hawa ni wangapi hata nchi nzima ibadilishe ujenzi?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na kila mmoja wao akijaaliwa umri atafika siku ambayo ngazi ni mzigo. Bibi mwenye magoti mabovu, aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, mzazi aliyetoka kupasuliwa juzi: wote wanapita kwenye mlango huohuo. Sipendi swali hili, lakini huulizwa na watu wenye nia njema, ndiyo maana nimelijibu.

## Sheria zilizopo

Zanzibar kuna sheria ya watu wenye ulemavu?

Ipo. Ya kwanza ilikuwa Sheria Namba 9 ya 2006, kisha ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 8 ya 2022 iliyochukua nafasi yake. Chombo kinachosimamia ni Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililo chini ya Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, na linafanya kazi Unguja na Pemba.

Upande wa nyumba wenyewe una sheria zake. Sheria ya Matumizi ya Ardhi Namba 12 ya 1992 ndiyo inayosema ardhi ni mali ya umma na mwananchi anapewa haki ya kuitumia. Ipo sheria ya 2010 ya kumiliki sehemu ndani ya jengo moja la ghorofa, na ipo iliyoanzisha Shirika la Nyumba Zanzibar mwaka 2014. Ukizisoma zote kwa pamoja utaona shida iko wapi: sheria ya ulemavu inazungumza haki, na sheria za nyumba zinazungumza majengo, lakini hazijakaa meza moja.

Nimesoma sheria ya 2010 ya watu wenye ulemavu mtandaoni. Inanihusu?

Ile ni Sheria Namba 9 ya 2010 ya Tanzania Bara. Ardhi na nyumba si mambo ya Muungano, kwa hivyo ukienda na ile kwa ofisa wa hapa utarudishwa, na kwa haki. Tumia ya Zanzibar ya 2022. Angalia vizuri pia: Bara kuna Namba 9 ya 2010 na sisi tulikuwa na Namba 9 ya 2006. Nimeona barua zilizochanganya namba hizo zikakaa kwenye faili bila ya jibu.

Na Umoja wa Mataifa?

Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Disemba 2006, na Tanzania iliuridhia Novemba 2009. Huu unaihusu Zanzibar kwa sababu aliyefunga ni Jamhuri ya Muungano. Ibara tatu ndizo za kuzishika. Ibara ya 9 inahusu kufikika kwa majengo, na makaazi yametajwa humo kwa jina. Ibara ya 19 inampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, asilazimishwe kuishi kwenye makao maalumu. Ibara ya 28 inazitaka nchi zihakikishe watu wenye ulemavu wanapata nafasi katika mipango ya nyumba za umma. Ukiandika barua, taja ya 28. Wengi hawaijui, na ndiyo iliyo karibu zaidi na madai yako.

Sheria zipo, mkataba upo. Mbona nyumba ni zilezile?

Hili ndilo swali lenyewe.

Haki iliyoandikwa kwa jumla haina mtu wa kuisimamia siku fundi anapomwaga zege. "Majengo yafikike" ni maneno mazuri, lakini fundi anahitaji sentimita. Mkaguzi anahitaji mstari kwenye fomu wa kuweka tiki au kukataa. Sheria ya nyumba haina nguvu mahakamani tu. Nguvu yake kubwa iko kwenye kibali cha ujenzi, kabla ya tofali la kwanza. Pale ndipo kubadilisha mlango kunagharimu kalamu na karatasi. Jengo likishasimama, mlango uleule unataka nyundo, fundi, fremu mpya na ugomvi na jirani.

Kitu cha pili: Wazanzibari wengi hawakai kwenye nyumba za Serikali wala za makampuni. Wanajenga wenyewe, chumba baada ya chumba, kwa miaka kumi, kwenye kiwanja cha familia. Sheria itakayosema na waendelezaji wakubwa pekee itawapita watu hawa bila ya kuwagusa. Ndiyo maana nusu ya maswali hapa chini yanahusu fundi wa mtaani na urithi.

## Nyumba za ghorofa za Serikali

Naishi Michenzani juu, na sasa natumia kiti cha magurudumu. Naweza kudai nihamishiwe chini?

Unaweza kuomba, na ombi lako lina msingi. Majumba ya Michenzani, na yale ya Kikwajuni na Kilimani, yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, na watu wengi walitolewa kwenye nyumba za udongo wakapewa humo. Yalikuwa fahari ya nchi, na mimi sitaki yasemwe vibaya. Lakini hayakuwekewa lifti. Vijana waliohamia wakipanda ngazi mbio sasa ni wazee. Hali ni hiyohiyo kwa majumba ya Madungu, Wete, Mkoani na Micheweni kule Pemba.

Andika barua kwa mmiliki au msimamizi wa jengo. Isiwe ya kuomba huruma, iwe ya kueleza mambo: jina, namba ya nyumba, ghorofa, ulemavu, tangu lini, mara ngapi unateremka kwa wiki na nani anakubeba. Ambatanisha maelezo ya daktari na barua ya sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa mtaa wako. Omba kitu kimoja kilicho wazi, yaani kubadilishana na chumba cha chini kitakachokuwa wazi, au na mkaazi wa chini aliyeridhia. Nakala ipeleke Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na baki na nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio utakaokusaidia baadaye.

Kubadilishana kwa hiari ndiyo njia niliyoiona ikifanikiwa haraka zaidi. Vijana wengi wa chini wanataka upepo wa juu. Lakini msibadilishane kwa mdomo. Ikifika siku ya mirathi, mdomo hautatambuliwa.

Majengo mapya yana lifti. Basi tatizo limekwisha?

Limepungua. Lifti inataka umeme, matengenezo, na wakaazi wanaolipa ada ya huduma kila mwezi. Umeme ukikatika, mtu wa ghorofa ya sita amebaki huko. Kwa hivyo hata kwenye jengo lenye lifti mtu asiyeweza ngazi apewe kipaumbele cha chini akitaka. Na lifti haisaidii kitu kama mbele yake kuna vidaraja vitatu kutoka maegesho. Nimesimama mbele ya jengo la namna hiyo.

Nani anapaswa kupewa nyumba za chini?

Kwa maoni yangu sheria iseme wazi: nyumba za chini katika jengo lolote la Serikali au la fedha za umma zisigawiwe wala kuuzwa kwa wengine mpaka orodha ya wenye ulemavu imalizike, na orodha hiyo ibandikwe ofisini. Sasa hivi nyumba za chini zinapendwa kwa sababu ya biashara, na duka linamshinda mgonjwa.

## Nyumba ya kupanga

Mwenye nyumba amekataa kunipangisha akisema mtoto wangu mwenye ulemavu "atamharibia nyumba". Nifanye nini?

Huo ni ubaguzi, na sheria ya 2022 ipo kwa ajili ya kuuzuia. Ugumu ni ushahidi, kwa sababu nyumba zetu nyingi zinapangishwa kwa maneno, kupitia dalali, kwa kodi ya miezi sita iliyolipwa mkononi. Anayekukatalia hatakuandikia. Basi iandike wewe: tuma ujumbe wa simu wa heshima, "Assalamu alaykum, nimekuja leo kuhusu chumba, umenambia huwezi kutupangisha kwa sababu ya hali ya mwanangu, naomba ufikirie tena." Jibu lake, lolote litakalokuwa, ni karatasi.

Kisha nenda kwa sheha, halafu Baraza. Msaada wa sheria bila malipo upo: kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018, kuna wasaidizi wa sheria mitaani, na kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar ambacho kipo tangu 1992. Nasema kweli pia: familia nyingi haziwezi kusubiri kesi, kwa sababu usiku wanahitaji pa kulala. Peleka lalamiko hata kama umeshapata chumba kwengine. Lalamiko moja halihesabiwi, arobaini yanahesabiwa.

Naweza kujenga mteremko kwenye nyumba ya watu?

Kwa idhini ya mwenyewe, ndiyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unalo wazo la marekebisho stahiki: mabadiliko yanayohitajika yasiyomwelemea mwingine kupita kiasi, na kuyakataa bila sababu kunahesabika kuwa ubaguzi. Pendekeza kitu kinachoondoka: mteremko wa mbao usiopigwa misumari ukutani. Kubalianeni kwa maandishi nani analipa, na ukihama unaondoka nao au unabaki. Wenye nyumba wengi wanaogopa kupoteza, si kusaidia, karatasi inawatuliza.

Nakaa Mji Mkongwe. Si hairuhusiwi kugusa chochote?

Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya majengo yanapitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Hiyo haina maana kwamba hakuna linalowezekana. Msingi wa uhifadhi ni kwamba ulichoongeza kiweze kuondolewa bila kuacha jeraha. Ubao wa kuvuka kizingiti, chuma cha kushikia chooni, taa ya hodi, hivyo vyote vinaingia humo. Usivunje kizingiti cha mlango wa nakshi wala kukata baraza bila kibali. Ngazi za ndani za nyumba zile ni kali na nyembamba, na sioni njia ya kuzigeuza. Kwa mtu wa magurudumu, Mji Mkongwe ni vyumba vya chini au hakuna. Nyumba nyingi humo ni za wakfu, tazama swali la wakfu.

## Ukijenga mwenyewe

Nipe vipimo nimpelekee fundi.

Mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 kwa uchache, 90 ni bora, na upimwe baada ya fremu kuwekwa, si kabla. Mlango wa choo ndio mafundi wanaoufanya mwembamba kuliko yote, na ndio unaohitaji upana zaidi. Kiti cha magurudumu kinataka duara la sentimita 150 kugeuka. Liache chumbani na chooni. Swichi ziwe kama mita moja kutoka sakafuni.

Mteremko: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, weka 12 za urefu. Sakafu ikiwa juu ya njia kwa sentimita 45, mteremko ni mita 5 na sentimita 40. Fundi atakwambia ni mrefu mno na atataka kukujengea wa mita mbili. Usikubali. Mteremko mkali ni hatari kuliko ngazi, kwa sababu ngazi mtu anaiogopa na mteremko anauamini. Ukikosa nafasi mbele, uzungushe ubavuni mwa nyumba, na pale unapokata kona weka uwanja tambarare wa kupumzikia. Sakafu yake iwe na mikwaruzo, isiwe ya saruji laini ya kung'aa inayoteleza mvua ikinyesha. Kwa mshikio, kumbuka chumvi ya bahari: chuma cha kawaida kinaoza haraka. Bomba la maji lisiloshika kutu au boriti iliyolainishwa vizuri vinadumu zaidi.

Mtaa wetu unajaa maji masika, lazima tuinue msingi. Tutafanyaje?

Hili ni gumu kwa kweli, na wanaopanga miji hawalisemi. Kinachomwokoa mtu na mafuriko ndicho kinachomfungia ndani. Inua msingi kadiri inavyohitajika, lakini jaza kifusi ubavu mmoja kuanzia njiani, upande maji yasikotokea, na mteremko ukae juu ya kifusi hicho. Ukiupanga kabla ya msingi, kifusi ni kilekile ulichochimba. Ukiukumbuka baadaye utakinunua.

Suluhisho la kweli ni mitaro ya mtaa, na hiyo si kazi ya familia moja. Ndiyo maana naona sheria ya nyumba kwa watu wenye ulemavu isiishie mlangoni, ifike mpaka barabarani.

Kwetu Pemba ni vilima tupu.

Kilima kinaweza kukusaidia. Weka mlango wa mtu mwenye ulemavu upande wa juu wa mteremko wa ardhi, ambako sakafu inakutana na ardhi yenyewe, na ngazi ziende upande wa bondeni kwa wageni. Chimba mfereji wa kuchepusha maji ya mvua nyuma ya ukuta huo wa juu, vinginevyo yataingia ndani.

Choo chetu kiko uani na ni cha kuchuchumaa.

Anza na njia: zege jembamba lenye upana wa mita moja na kidogo kutoka mlango wa nyuma hadi chooni, bila kidaraja. Kisha kiti imara chenye tundu kinachowekwa juu ya shimo, seremala anakitengeneza. Kisha mshikio ukutani, uliopigwa kwenye tofali, si kwenye plasta. Pipa la maji na kata viwe mahali mkono wa aliyekaa unafika. Haya manne hayangoji sheria yoyote. Kwa mama yangu mdogo tulifanya hivyo siku alipohamishiwa kijijini, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba sasa anaweza kunywa chai asubuhi bila ya kuhesabu vikombe.

Itaniongezea gharama kiasi gani?

Kwenye nyumba mpya ya chini, kidogo: milango mipana inapunguza matofali, na choo kikubwa kinakula sehemu ya chumba. Kwenye nyumba iliyokwisha, gharama inategemea kuta zinazobeba paa. Muulize fundi kabla ya kuvunja ukuta wowote.

## Fedha, urithi na wakfu

Kuna ruzuku ya Serikali ya kutengenezea nyumba?

Sheria ya ulemavu ina mfuko wake wa maendeleo, na Baraza ndilo la kuuliza. Pencheni Jamii, iliyoanza 2016 kwa Sh 20,000 kwa mwezi na baadaye kufikia Sh 50,000, inatolewa kwa umri wa miaka 70 na kuendelea, si kwa ulemavu. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, inafanya kazi Unguja na Pemba kwa kaya maskini. Ninachokitaka mimi ni ruzuku ya matengenezo peke yake, ndogo na ya haraka: mlango mmoja, choo kimoja, mteremko mmoja. Hiyo ingewarudisha watu wengi zaidi kwenye maisha kuliko jengo moja kubwa la kukatia utepe.

Baba amefariki. Ndugu wanasema mwenzetu mwenye ulemavu "atatunzwa", hahitaji fungu la nyumba.

Hapana. Katika mirathi ya Kiislamu ulemavu haumzuii mtu kurithi wala haupunguzi fungu lake. Kama hawezi kusimamia mali kwa sababu ya akili, anawekewa msimamizi na fungu linabaki lake. Pelekeni shauri kwa Kadhi. Kutunzwa ni wajibu wa ziada, si badala ya haki.

Mimi ni mzazi, ningali hai. Nimwachieje mwanangu mwenye ulemavu pa kukaa?

Wasia haumfai mrithi bila ridhaa ya warithi wengine, kwa hivyo usiutegemee. Njia zinazotumika ni hiba ukiwa hai, ikakabidhiwa kweli na kuandikwa, au wakfu wa familia wenye sharti kwamba yeye aishi humo maisha yake yote. Watoto wengine wahusishwe mapema, kwa sababu kumpendelea mmoja bila ya haja ni jambo wanavyuoni wanalolikataza au kulichukia, na haja ya ulemavu lazima ielezwe. Zungumza na Kadhi kabla ya kwenda kwa wakili.

Wakfu unaweza kusaidia watu wasio na familia?

Naamini ndiyo njia yetu wenyewe ambayo tumeisahau. Wazee waliweka nyumba wakfu kwa mafukara, kwa wasafiri, kwa misikiti. Sharti la mweka wakfu linaheshimiwa kama kauli ya Sharia. Mtu mwenye uwezo leo anaweza kuandika: nyumba hii ya chini ni kwa wasioona wa mji huu, kodi isizidi kiasi kadhaa. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo pa kuandikisha, na ndiyo pa kuomba chumba cha wakfu kinapokuwa wazi.

## Sheria tunayoitaka

Nchi nyengine zimefanya nini?

Marekani, sheria ya 1973 na kanuni zake zinataka kwenye nyumba mpya zinazojengwa kwa fedha za serikali kuu asilimia 5 ziwafae wenye ulemavu wa viungo, na asilimia 2 nyengine wasiosikia na wasioona. Mwaka 1988 wakaongeza kwamba majengo ya nyumba nne na zaidi yaliyoanza kukaliwa baada ya 13 Machi 1991 yawe na milango na njia zinazopitika, na kwamba mwenye nyumba asimzuie mpangaji kurekebisha kwa gharama zake. England kuna ruzuku ya kurekebisha nyumba inayofika pauni 30,000. Kiasi hicho hatukiwezi. Asilimia na tarehe tunaziweza, kwa sababu haziombi fedha, zinaomba uamuzi.

Mswada unapitaje?

Unachapishwa, unasomwa mara ya kwanza Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, unakwenda kamati inayoita wadau, unarudi kujadiliwa, kisha unatiwa saini na Rais. Nafasi yako ni kwenye kamati. Lakini usisubiri mswada tu: kanuni zinatungwa na Waziri bila kurudi Barazani, na vipimo vya milango vinaweza kuingia kwenye kanuni. Kwa jambo letu hili, kanuni iliyoandikwa vizuri inaweza kufika kwa fundi mapema kuliko sheria mpya.

## Mafundo

Nyumba yetu inabomolewa kwa mradi. Nimejenga mteremko na choo, vitahesabiwa?

Vitaje mthamini anapokuja, vipige picha na mpe risiti. Omba kwa maandishi kwamba makaazi ya muda nayo yafikike, kwa sababu "muda" unaweza kuwa miaka.

Ndugu yangu ana ugonjwa wa akili. Majirani wanataka ahamishwe.

Ugonjwa si sababu ya kumtoa mtu. Kama kuna kitendo maalumu kinachosumbua, kizungumzwe hicho, mbele ya sheha, pamoja na wanaomtibu. Wakikataa, yaandike; mfano wa ujumbe upo kwenye swali la mwenye nyumba anayekataa.

Kwa nini kijana asiyeweza kutembea asipelekwe Welezo au Limbani?

Zile ni nyumba za wazee, na zimewasitiri wengi. Lakini mtu wa miaka 26 asiyeweza kutembea si mzee, na ibara ya 19 niliyoitaja juu inampa haki ya kuchagua. Muulizeni yeye kwanza, akiwa peke yake, bila ya wanaomtunza kukaa chumbani.

Nimepewa nyumba ya chini, lakini kiti changu hakiingii mlangoni. Nikubali funguo?

Zipokee kwa maandishi ya sharti: "Nimepokea, mlango una uwazi wa sentimita 66, kiti changu kina upana wa 68, naomba urekebishwe." Pima mbele ya anayekukabidhi na mwombe atie saini. Ukipokea kimya, kesho utaambiwa ulipewa nyumba inayofaa.